Mji wa Unguja Unakaa Barazani

Mgeni akiteremka bandarini Malindi, jambo la mwanzo analooneshwa ni milango. Ataoneshwa msaji uliochongwa, njumu za shaba na maandishi ya Kiarabu juu ya kizingiti, na atapiga picha mpaka simu ijae. Ni milango mizuri, na mafundi walioichonga wanastahili kila sifa. Lakini mlango wa Unguja muda mwingi umefungwa. Kilicho wazi kwa kila apitaye ni kile kilichojengwa kulia na kushoto ya mlango huo, yaani baraza, na anayetaka kuijua tabia ya mji huu aanzie hapo. Mimi nimelelewa Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, na utu uzima wangu wote nimeishi Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Niliyoyaona pande zote mbili yamenikinaisha kwamba mtaa wetu unakuwa hai kwa kadiri ya watu wanaokaa nje ya nyumba zao.

Kwa asiyeijua, baraza ni benchi la mawe na chokaa lililoshikana na ukuta wa nyumba upande wa njia. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ina urefu wake, haivuki hapo, ndiyo maana vyumba vyetu vingi ni virefu na vyembamba. Mwanamme wa kando humuingizi tu humo ilhali mama na dada wako na shughuli zao. Unamkaribisha barazani. Kahawa inatoka ndani, mazungumzo yanabaki nje, nyumba imehifadhika na mgeni kaheshimiwa. Masika yakipiga na njia zikijaa maji, watu hupanda barazani wakatembea kutoka nyumba hadi nyumba bila ya kulowa. Mchuuzi wa samaki hutua ungo wake hapo akapumua. Mtoto akitoka chuoni hukaa hapo na msahafu wake akadurusu. Mwenye nyumba ndiye anayeitengeneza na kuipaka chokaa, na anayeikalia ni yeyote aliyechoka. Katika udogo wangu sikupata kuona mtu akiinuliwa kwenye baraza kwa sababu hajulikani.

Kila wakati una watu wake. Baada ya sala ya alfajiri hukaa wazee waliotoka msikitini, wanasubiri boflo na wanaulizana nani kalalaje. Saa moja watoto wa skuli hupita makundi kwa makundi. Adhuhuri jua huwatawanya wote. Ikishasaliwa alasiri ndipo baraza inapojaa, na hapo huja muuza kahawa. Mkono mmoja kashika dele la shaba lenye makaa ya moto chini yake. Mkono wa pili ana vikombe vidogo visivyo na masikio, anavigonganisha, na mlio huo watu wanaujua kuliko wanavyolijua jina lake. Anamimina kutoka juu bila ya kudondosha tone, anakupa, anakukatia kashata, anageukia wa pili. Ukimaliza anakisuuza kikombe kwenye kindoo chake na kumpa anayefuata. Kahawa yenyewe ni chungu, haitiwi sukari, utamu utautafuta kwenye kashata au tende. Utamkuta hapo hamali kaegesha mkokoteni wake, mwalimu wa skuli, mtu mwenye maduka mawili Darajani na kijana ambaye hajapata kazi, na wote wanakunywa kahawa ya bei moja na kukatishana maneno kwa haki moja.

Kupita mbele ya watu hao bila ya salamu ilikuwa haiwezekani. Bibi yangu akinituma dukani alikuwa haachi kunikumbusha: "Ukifika kwa wazee usipite kimya."

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Bibi yako kaamkaje?"

"Hajambo, anakusalimia."

"Mwambie tumemsikia usiku akikohoa. Kifua hicho asikiwachie."

Nikirudi na sukari yangu namkuta bibi keshaletewa mchaichai na tangawizi kutoka nyumba ya tatu, na aliyeleta kakaa naye ukumbini anamchemshia.

Vijana wengi husema macho ya barazani yanawabana. Wana haki. Msichana akibadilisha njia ya kurudi nyumbani, habari inamtangulia kwa mama yake. Zipo ndoa zilizovunjwa na maneno yaliyoanzia barazani, na watu walioondoka mtaani kwa kuchoka kusemwa. Umbea ni umbea na sitaupaka rangi. Lakini nikipima, naona bado ni bora mtaa unaosikia kikohozi chako. Mzee anayeishi peke yake Mkunazini ya wakati ule, asipoonekana asubuhi moja, kabla ya adhuhuri mtu kashapiga hodi.

Wanaoandika kuhusu baraza hupenda kuzungumza kana kwamba ni ya wanaume tu. Ya mchana, sawa. Baada ya isha mambo hubadilika. Mikeka hutandikwa mlangoni, wanawake hutoka na kanga zao, huyu anasuka ukili, yule anashona kofia ya mkono ambayo itamchukua miezi kuimaliza. Hapo ndipo fedha za upatu zinapokusanywa na kukabidhiwa mwenye zamu. Harusi ya mtaa hupangwa hapo: nani atasimamia pilau, nani atamsinga biharusi, nani atatia hina, nani ana masufuria makubwa na nani akiyaazima huwa anayarudisha. Mipango mingi ya mtaa ambayo wanaume huitangaza kesho yake alasiri, wanawake wameshaimaliza usiku wa jana.

Baraza hizo hizo pia zilitugawa. Waliokuwa na akili zao baada ya uchaguzi wa vyama vingi wa 1995 wanayakumbuka. Kulikuwa na baraza za chama hiki na maskani za chama kile, bendera juu, na kila mtu akijua wapi akae na wapi apite haraka. Watu walisusiana maduka. Walisusiana hata maziko, jambo ambalo wazee wetu wasingelidhani kuwa litatokea visiwani. Kona ya Jaws, pale njia kadhaa za Mji Mkongwe zinapokutana na watu wanacheza bao na dhumna kutwa nzima, siasa ilikuwa ikizungumzwa kwa sauti ya juu, na ukweli ni kwamba afadhali pale iliposemwa wazi kuliko mitaa ambayo watu walinuniana kimya kimya. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Abeid Karume, na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, walikutana Ikulu. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 walisema ndiyo. Baina ya tarehe hizo mbili mji wetu ulikaa gizani, na giza lile linastahili kusimuliwa.

Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari hadi Fumba. Mwaka 2008, Mei kuingia Juni, kisiwa kilikaa karibu mwezi mzima bila ya umeme. Watu walidhani wameshaonja uchungu wote. Disemba 2009 ukakatika tena, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi hiyo ni ya kaskazi, joto linapokuwa kali kuliko wakati wowote wa mwaka. Maji ya mfereji nayo hayakuja, kwa sababu pampu zinahitaji umeme. Darajani moshi wa majenereta ulichoma macho, na vijana walikaa foleni kuchaji simu kwa kulipia. Barafu hakuna. Samaki asiyeuzika mpaka mchana alikaangwa au aligaiwa. Akina mama walibeba ndoo alfajiri na walibeba ndoo usiku, na mzigo wa miezi ile uliwaelemea wao kuliko mtu mwengine yeyote.

Ndani hakukuwa kunakalika. Mtaa wote wa Ng'ambo nilikokuwa nikiishi ulihamia nje. Kandili moja iliwekwa baina ya nyumba kadhaa ili mafuta ya taa yasiende bure, na watu wakakaa kuizunguka mpaka usiku mwingi, watoto wamelala juu ya mikeka. Jirani yetu mmoja alikuwa na kisima uani kwake, chenye maji matamu. Wa pili, mkabala naye, alikuwa na jenereta. Watu hawa wawili walikuwa wa vyama viwili na kwa miaka walikuwa hawapeani mkono. Mmoja alipofiwa na mama yake, mwenziwe hakuvuka njia. Kuteka kwa ndoo kisima kile, foleni ilikuwa haishi. Ikiwa pampu itapata jenereta, mtaa mzima utapata maji. Wazee wa baraza walilijua hilo siku ya kwanza, na wakazungumza na mmoja mmoja kwa upole, kila usiku kidogo. Hatimaye jioni moja jenereta lilivushwa njia na vijana wanne, mwenyewe nyuma yao kashika kidumu cha petroli. Mwenye kisima alimwambia, "Karibu ndani, jirani." Akajibu, "Ahsante, nishakaribia." Hayakuongezwa maneno mengine. Pampu ilipowaka akina mama walipiga vigelegele.

Maridhiano yalikwishaanza Ikulu mwezi mmoja kabla ya giza, na sifa ya viongozi wale waachiwe wenyewe. Ninachokishuhudia ni namna maridhiano hayo yalivyofika mtaani kwetu. Yalifika usiku, watu wakiwa wamekaa karibu karibu kwa sababu ya joto na kiu, wakisikilizana kwa sababu televisheni zimezimika. Ilipofika Julai na kura ya maoni, wengi wetu tulikuwa tayari tumeshaulizana khabari. Waya mpya wa baharini ulikuja mwaka 2013, alhamdulillahi, na simtakii mtu yeyote giza lile lirudi.

Ramadhani ndiyo inayokaribia zaidi hali ile, kwa kheri. Kabla ya magharibi watoto huvuka njia na sahani zilizofunikwa: huku unatoka muhogo wa nazi, kule unakuja mkate wa kumimina, na mtu harudishi sahani ya jirani tupu hata ikiwa alichonacho ni tende chache. Baada ya tarawehe mji huamka. Mwenye urojo wake hapati nafasi ya kuinua kichwa. Anamimina urojo wa manjano wenye ukali wa embe bichi, anatupia mbatata, bajia, kachori, nyama ya mshikaki, chatne ya nazi na chembe za muhogo wa kukaanga juu, na watu wanakula wamesimama au wamekaa kwenye baraza iliyo karibu. Forodhani kuna urojo pia, na kuna taa nyingi zaidi, lakini ule wa mitaani ndio unaotiwa pilipili kama mtu anavyotaka.

Nimeitaja Ng'ambo mara kadhaa na ni lazima nitoe haki yake, maana anayeusimulia mji huu mara nyingi huishia barabara ya Darajani. Zamani pale palipita mkono wa bahari uliotenga pande mbili, na daraja lililouvuka ndilo lililopaacha jina hilo. Mkono ule ulifukiwa na sasa ni barabara ya magari, lakini katika fikra za watu bado kuna maji. Upande wa mawe umeandikwa, umepigwa picha, na tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Upande wa pili ndiko walikoishi watu wengi: wavuvi, mahamali, wapishi, mafundi, waliotoka shamba, waliotoka Bara na Komoro. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mwaka 1880 na akaja mjini 1911, aliishi na kuimba Ng'ambo. Mwaka 1928, mwaka ule ule aliokwenda Bombay kurikodi nyimbo zake, wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Sidhani kama mgomo wa namna ile ungewezekana kwa watu wasiokaa pamoja kila jioni.

Hata majumba ya Michenzani yanathibitisha. Yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, marefu na yaliyonyooka, na nyumba nyingi za udongo na makuti zilibomolewa kuyapisha. Michoro yake haikuwa na baraza. Watu walihamia juu na vyombo vyao, wakaishi na ngazi, na haukupita muda wakateremsha mabao na magogo chini ya miti. Leo ukipita Michenzani alasiri utakuta keram, karata, muuza kahawa, mwenye kushona viatu, na vikao vya saruji ambavyo wakaazi wamevijenga wenyewe kwa mchango.

Kinachonitia huzuni ni upande nilikozaliwa. Nyumba baada ya nyumba Mji Mkongwe inageuka hoteli au duka la vinyago. Sina chuki na utalii. Ndugu zangu wanakula kwa kazi hiyo, na nyumba nyingi zilizokuwa zinaanguka zimesimama tena kwa fedha ya wageni. Lakini familia inapoondoka, zaidi ya kuta hupotea. Nyumba tuliyokuwa tumepanga sisi sasa ni ya kulala wageni. Baraza yake imepakwa rangi, imewekwa vyungu vya maua kutoka mwanzo hadi mwisho, na kuna kijana mwenye sare anayesimama hapo. Ni mtoto mwenye adabu, alinisalimia vizuri. Nilipotaka kukaa aliniomba samahani, akasema pale hapakaliwi. Amri si yake. Nikauliza kuhusu muuza kahawa, nikaambiwa siku hizi haji njia hiyo kwa kuwa hakuna wa kumuuzia.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, ilianguka na watu wawili wakafariki. Mji mzima ulilia, na ilikuwa haki kulia. Tokea hapo maneno ya uhifadhi yamekuwa mengi: chokaa gani itumike, boriti zipatikane wapi, saruji isitiwe kwenye ukuta wa mawe kwa kuwa inazuia unyevu kutoka. Yote ni ya kweli na ni ya lazima. Naomba lile moja liongezwe, nalo ni wakaazi. Mji Mkongwe una nyumba za wakfu na nyumba za serikali. Zikitengenezwa, familia zipewe kwa kodi wanayoiweza. Na hoteli inayopewa ruhusa ishurutishwe kuiacha baraza wazi kwa wapita njia, kama ilivyoshurutishwa kutobadilisha mlango. Hilo halihitaji mfadhili kutoka nje.

Upande mwengine mji unakimbilia shamba. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na karibu nusu yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Fuoni, Tomondo, Kiembesamaki, Mwanakwerekwe: kila ukipita kuna msingi mpya. Watu wanajenga kwa jasho lao na nawapongeza. Lakini tunajenga ukuta mrefu kwanza, geti la chuma, kisha nyumba ndani yake. Njia ya mtaa inabaki vumbi na magari, hakuna pa kukaa, na mtoto anakua bila ya kujua jina la mzee wa nyumba ya tatu. Mji Mkongwe baraza zinafungwa kwa ajili ya wageni. Fuoni tunazinyima nafasi sisi wenyewe.

Mwaka huu nami najenga Fuoni. Fundi aliponionesha mchoro nilimwomba asogeze ukuta ndani, apate nafasi ya baraza upande wa njia, nje kabisa ya geti. Alisita. Alinambia vijana watakaa, watapiga kelele, watatupa makopo, na mwenye nyumba wa pili keshaanza kulalamika kabla haijajengwa. Nilikwenda kwa jirani huyo tukazungumza muda mrefu. Hakukubali moja kwa moja, lakini aliniuliza kama nitatia kibanda cha makuti juu yake, kwa kuwa jua la alasiri upande ule ni kali. Nimekubali. Mawe yameshaletwa, chokaa inakuja wiki ijayo, na nimemtaka fundi aifanye ndefu kuliko alivyoichora.